Kompyuta Iliyorudi Katanga

Hapa Kolwezi kila mtu ni bingwa wa VPN mpaka siku VPN igome. Ikigoma, ofisi nzima inageuka kamati ya uchunguzi. Mlinzi anasema ni mvua. Mhasibu anasema ni serikali, na hana kosa: intaneti ilizimwa nchi nzima Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na tangu hapo ukurasa ukichelewa kufunguka watu huanza kunong'onezana. Mama wa usafi, mwenye akili kuliko sisi sote, anauliza kama bili imelipwa.

Asubuhi hiyo malori ya shaba yalikuwa yanangoja hati ili yashike njia ya Kasumbalesa. Hati zenyewe zimefungiwa kwenye seva ya makao makuu, na huko hakufikiki bila VPN. Nikabonyeza kitufe cha kuunganisha. Kiduara kikazunguka weee, kisha likatoka tangazo la Kifaransa: cheti cha seva hakijaanza kutumika. Hakijaanza vipi, na Ijumaa nilikitumia mpaka jioni?

Nikampigia kijana wa huduma, Kinshasa. Huyo ana dawa moja kwa maradhi yote: "Papa, zima halafu uwashe." Nikazima, nikawasha. Tangazo lilelile. "Basi, Papa, futa hiyo programu uiweke upya." Nikafuta. Ndipo ikajulikana kwamba programu mpya inapakuliwa kutoka seva ya makao makuu, kulekule kusikofikika bila VPN. Simu ikawa kimya kidogo. Mwishowe tukaipata kwa flashi kutoka ofisi ya wenzetu, tukaiweka, na tangazo likatusalimu tena kama mtu wa nyumbani.

Aliyetuokoa ni binti wa mafunzo, ambaye hadi siku hiyo kazi yake ilikuwa fotokopi. Aliinama, akagusa pembe ya chini ya skrini kwa kucha, akauliza kwa adabu: "Papa, leo ni tarehe ngapi?"

Kompyuta ilikuwa imeandika Januari 1, 2009.

Umeme ulikatika usiku, na kibetri kinachoitunzia saa kilikuwa kimeshakufa, kwa hiyo ilipoamka ikashika tarehe ya kiwandani. Cheti cha seva kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta ikitazama saa yake na kuona siku ya kuanza bado, haifungui mlango. Na kwa hesabu zake ilikuwa sahihi kabisa. Mwaka 2009 jimbo letu la Lualaba halikuwepo, lilizaliwa 2015. Tulikuwa Katanga, gavana Moïse Katumbi, na TP Mazembe walikuwa bado hawajui kwamba mwaka huohuo watabeba kombe la mabingwa wa Afrika. Nani angeamini karatasi inayotoka mbele kiasi hicho?

Tukarekebisha tarehe, VPN ikakubali, tukashangilia. Lakini makabati ya hati kwenye seva yakakataa kufunguka. Kijana wa Kinshasa alikuwa ametuchagulia majira ya kwake, nasi tukaweka saa ya kwetu, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Seva ya kampuni kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Kwenye orodha ya Windows Kolwezi haimo. Ukitaka saa ya Kolwezi unachagua "Harare, Pretoria". Tukahamia Pretoria, tukaweka saa upya, hati zikatoka, malori yakaondoka.

Mchana nikaenda kutafuta kibetri. Hebu fikiria: Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, nyingi ikichimbwa hapa kwetu, kwa ajili ya betri za simu na magari ya watu wengine, nami nazunguka juani na CR2032 mfu mkononi nikiulizia mwenzake. Muuzaji akanieleza kwamba hiki hakina kobalti, kina lithiamu na manganizi. Nikamwambia manganizi nayo tunayo, Kisenge, eneo la Dilolo, ilikuwa ikisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi vita vya Angola vilipoikata mwaka 1975. Akanisikiliza vizuri, halafu hakupunguza bei hata faranga moja.

Jioni ikaja ripoti rasmi kutoka makao makuu. Tatizo: limetatuliwa. Chanzo: intaneti ya Kolwezi. Ushauri kwa mtumiaji: zima, halafu uwashe.