Heko kwa Refa Aliyekosea

Mechi iliyochezeshwa vizuri haina umri mrefu. Kipenga cha mwisho kinalia, walioshinda wanashangilia, walioshindwa wanakwenda kulala, na ikifika Jumatano hakuna anayekumbuka nani alitoa pasi ya bao. Refa akikosea, mambo ni mengine kabisa. Kijiwe kinapata kazi ya mwezi mzima, muuza kahawa anaongeza birika, na shabiki wa timu iliyofungwa anapita mtaani kifua mbele, kwa sababu timu yake haikufungwa. Imeonewa.

Mfano uko Jangwani, nyumbani kwa Yanga. Aprili 5, 2024, Yanga walikuwa Pretoria kurudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya sare ya 0-0 Dar es Salaam. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukadunda chini kwenye mstari au nyuma yake, ukarudi uwanjani. Wananchi wa Yanga wakaona bao. Refa Dahane Beida wa Mauritania hakuliona, tukio likapitiwa kwenye runinga za VAR, bao likakataliwa. Dakika 90 zikaisha bila mtu kutikisa nyavu, na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2.

Sasa, nani anazitaja penalti ambazo Yanga walikosa usiku ule? Waliokosa wamesamehewa wote, maana mkosaji amebaki mmoja tu, naye kwao ni Mauritania, mbali na Jangwani. Ni kocha gani au mwenyekiti gani wa klabu anayeweza kubeba mzigo wa watu wengi kiasi hicho kwa siku moja? Shabiki wa watani wao wa Msimbazi naye hakukosa fungu lake: alipata nafasi ya kuapa, bila kuulizwa, kwamba mpira haukuvuka.

Wapo wanaodhani refa aliyekosea huishia kwenye aibu. Hao hawajafika Baku. Julai 30, 1966, fainali ya Kombe la Dunia, Wembley, Uingereza na Ujerumani Magharibi wako 2-2 katika muda wa nyongeza. Geoff Hurst anapiga, mpira unagonga mwamba, unadunda, unaokolewa. Refa Gottfried Dienst wa Uswisi hana uhakika, anakwenda pembeni kumuuliza mshika kibendera, Tofiq Bahramov wa Azerbaijan. Lugha ya kuelewana hawana ya kutosha. Bahramov anatikisa kichwa kukubali, bao linahesabiwa, mechi inaisha 4-2. Miaka 30 hivi baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, huko huko Uingereza iliyonufaika, walipima picha za filamu na kusema mpira haukuvuka wote.

Wamechelewa. Uwanja wa Baku uliowahi kuitwa kwa jina la Lenin leo unaitwa kwa jina la Bahramov. Mwaka 2004 ilizinduliwa hapo sanamu yake, na Hurst mwenyewe akafunga safari kwenda kuishuhudia. Itafutwe sanamu ya mshika kibendera aliyepatia.

Kosa lina malipo hata kwa mfuko. Ali Bennaceur wa Tunisia ndiye aliyechezesha Argentina na Uingereza mwaka 1986 jijini Mexico, akakubali bao ambalo Diego Maradona alilifunga kwa ngumi. Mwaka 2015 Maradona alimtembelea nyumbani kwake Tunisia na kumzawadia jezi. Na ule mpira Bennaceur alikuwa ameuhifadhi: Novemba 2022 uliuzwa mnadani London kwa pauni milioni 2. Angelikataa bao lile, angelikuwa na mpira mkuukuu tu.

(Sifa hizi haziwahusu waliopokea bahasha. Wizi ni wizi. Anayesifiwa hapa ni refa mwenye moyo safi na macho mabovu.)

Wapenzi wa makosa waliingiwa na hofu VAR ilipoletwa katika Kombe la Dunia la 2018. Hofu hiyo imetulia. Septemba 30, 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliwafunga Tottenham bao safi, kibendera kikanyanyuliwa kwamba ameotea. Wenye runinga wakaona vizuri kuwa hakuotea, lakini wakadhani uwanjani bao limekubaliwa, wakamwambia refa uamuzi wake ni sahihi. Walipogundua, mpira ulikuwa umeshaanzishwa. Spurs wakashinda 2-1 na chama cha waamuzi kikaomba radhi. Zamani alikosea mtu mmoja aliyekuwa anakimbia na kuhema. Siku hizi wanakosea kwa pamoja, wameketi vitini.

Lakini taji ni la Janny Sikazwe wa Zambia. Januari 12, 2022, mjini Limbe, Kameruni, Mali walikuwa wakiongoza 1-0 dhidi ya Tunisia katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Sikazwe alipuliza kipenga cha mwisho dakika ya 85. Akakumbushwa, mchezo ukaendelea, kisha akaumaliza tena kabla ya 90 kutimia. Benchi la Tunisia likamvamia likionyesha saa. Kocha wa Mali alikuwa ameshaketi mbele ya waandishi wa habari alipoambiwa arudi uwanjani. Mali wakatoka, Tunisia wakagoma, matokeo yakabaki vilevile. Ilielezwa baadaye kwamba refa alizidiwa na joto.

Novemba mwaka huohuo FIFA ilimpeleka Qatar kwenye Kombe la Dunia, akapewa Ubelgiji na Kanada. Ubelgiji walishinda 1-0, na Wakanada wanadai penalti zao mpaka leo.