Helikopta Imefiwa na Rimoti

Bibi yetu ana imani moja kuhusu unyevu: hakuna kitu kisichokauka juu ya mafiga. Na kwetu Lushoto unyevu haukosi kazi. Ukungu ukishuka kutoka Magamba mwezi wa sita, sweta iliyoanikwa Jumatatu huvaliwa Alhamisi, tena kwa ujasiri. Ndiyo maana mahindi ya mbegu hukaa darini jikoni, moshi uyalinde na bungua. Na ndiyo maana Bibi, alipoikuta rimoti ya helikopta yangu imelowa barazani, aliichukua kwa huruma zote akaipandisha hukohuko, kando ya mahindi.

Asubuhi mahindi yalikuwa salama. Rimoti ilikuwa na antena iliyoinama, kijiti cha kushoto kimezama ndani ya ganda hadi shingoni, na kioo kimeota malengelenge. Bibi aliigusa, akasema, "Imekauka." Hakusema uongo.

Helikopta yenyewe ilikuwa nzima kabatini. Niliachiwa na mgeni mmoja Mjerumani aliyekuja kupiga picha vinyonga, akaona ni nafuu kunigawia mimi kuliko kulipia uzito wa mzigo uwanja wa ndege. Ni ya umeme. Mapanga yake, ncha hadi ncha, hayafiki mita moja, lakini yanazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Chombo cha namna hiyo bila rimoti ni pambo. Chenye rimoti isiyo yake ni kesi.

Nikampeleka yule marehemu, rimoti, kwa fundi simu wa karibu na stendi. Alifungua skrubu, akapuliza, akasugua bodi kwa mswaki uliochovywa thina, akapuliza tena. Halafu akaweka kiwiko mezani. "Mwalimu, hii IC imeondoka." Na kwa kuwa fundi wetu hakubali mteja aondoke mikono mitupu, akanivutia droo ya rimoti za ving'amuzi. "Jaribu hii. Ina vitufe vingi kuliko ya kwako."

Vitufe havikuwa tatizo. Rimoti ya king'amuzi hutuma mwanga usioonekana, ndiyo maana mtoto akisimama mbele ya TV chaneli inagoma kubadilika. Rimoti ya helikopta hutuma mawimbi ya redio, siku hizi karibu zote kwenye gigahezi 2.4, zinakopita pia Wi-Fi na Bluetooth. Lakini kupita njia moja si kuelewana. Spektrum wana lugha yao, Futaba wana zao, FlySky wana zao, na risiva iliyomo tumboni mwa helikopta husikiliza lugha ya ukoo wake. Tena risiva na rimoti hufungishwa ndoa: unazikutanisha mara ya kwanza, zinakabidhiana namba ya utambulisho, na kuanzia hapo risiva haimsikilizi mwingine hata apige kelele vipi, mpaka uifungishe ndoa mpya. Yangu ilikuwa mjane mwenye msimamo, wa ukoo wa DSMX, yaani Spektrum.

Habari za msiba zilienea kwenye kundi la familia la WhatsApp, na posa zikaanza kuingia.

Ya kwanza ilitoka Muscat. Shemeji alituma picha ya rimoti aliyoiona kwenye duka la mitumba, yenye antena ya kuvuta ndefu kama ufito. "Shemeji, hii ndiyo imara. Vitu vya zamani." Nikakuza picha: megahezi 72, yenye kristali. Zama hizo kila rimoti ilikuwa na kristali ya namba yake, na watu wawili wenye namba moja wakiwasha pamoja uwanjani, ndege iliyokuwa juu ilishuka bila kuaga. Nikamwandikia kwamba risiva yangu haitaisikia. Akajibu, "Basi hiyo risiva ndiyo mbovu." Kwa shemeji, bidhaa aliyoiona yeye haijawahi kuwa na kosa.

Ya pili ilitoka Kariakoo. Binamu yangu alinipigia simu ya video akiwa kaunta kwa muuzaji, nami nikamsikia muuzaji kwa masikio yangu: "Bro, hii ni yunivesali, inashika kila kitu. Hadi geti." Nikauliza ina chaneli ngapi. Nne. Sasa, helikopta yenye mapanga yanayobadili pembe hutaka chaneli sita: kasi ya mota, mbele na nyuma, kushoto na kulia, mkia, pembe ya mapanga, na ya sita ya kumwambia jairo, kifaa cha kutuliza mkia, aushike kwa nguvu kiasi gani. Ukinunua ya nne, itabidi uchague mwenyewe kitu gani hutaki kukiongoza. Muuzaji alisikiliza maelezo yangu yote kwa adabu, kisha akapunguza bei.

Ya tatu ilikaribia kunitia majaribuni. Rafiki aliyeko Nairobi alikuwa na rimoti safi, ya ukoo uleule, chaneli za kutosha, bei ya urafiki. Kasoro yake ilikuwa moja: ni ya modi 1, iliyozoeleka Japani, ambapo kijiti cha kupandisha chombo kiko kulia. Mimi nimejifunza modi 2, cha kupandisha kiko kushoto. "Utazoea," rafiki akasema. Mikono haizoei kwa kuambiwa. Kwenye modi 1, nikisukuma kijiti cha kulia nikidhani naipeleka helikopta mbele, itapaa. Nikishtuka nikakivuta, itashuka kwa kasi ileile, na chini yake liko shamba la kabichi la jirani ambaye mpaka leo tunasalimiana vizuri. Zipo rimoti zinazokubali kugeuzwa modi. Ile haikukubali.

Na milima nayo ina masharti yake. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10. Mapanga yanakuwa na kidogo cha kushika, hivyo lazima uongeze pembe yake au kasi yake ili chombo kielee palepale. Marekebisho hayo huandikwa ndani ya rimoti. Kwa hiyo ni lazima iwe na ukurasa wa helikopta kwenye programu yake, na pia swichi ya kukata mota papo hapo. Kwenye swichi hiyo sikukubali majadiliano na mtu.

Mwisho nikaagiza RadioMaster TX16S, ile yenye moduli ya lugha nyingi, inayozungumza na risiva za koo mbalimbali, ukoo wangu ukiwamo. Nilichokipenda zaidi ni betri: inatumia mbili za 18650, zilezile za kwenye tochi. Betri ikifa sihitaji shemeji wala Kariakoo. Naipata palepale stendi.

Mzigo ulitoka Dar es Salaam kwa basi. Konda akanipigia simu akiwa Mombo: "Mwalimu, redio yako imeshuka hapa. Inakula kaseti?" Ukapanda kona zote za Soni ukiwa umepakatwa na mama mmoja mwenye huruma, na daladala ilipofika, kondakta wake alinidai nauli ya mtoto.

Kabla ya kurusha nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na makaratasi, maana vyombo visivyo na rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na kanuni zake za mwaka 2018. Aliyasoma yote, mpaka muhuri. Kisha akauliza swali ambalo Lushoto nzima imeniuliza: "Inaweza kushusha viazi Mombo?" Nikamwambia yenyewe haifiki kilo moja. Akanirudishia makaratasi. "Basi ni mchezo."

Kwa hiyo ukifiwa na rimoti, usianze dukani. Ifungue helikopta usome jina la risiva, uhesabu chaneli, ukumbuke modi ya mikono yako, kisha uulize kama betri inapatikana unakoishi wewe, si inakotengenezwa. Ikishafika, jaribio la kwanza fanya mapanga makuu na ya mkia yakiwa yametolewa: washa mota, zima rimoti, uone kama mota inasimama yenyewe. Isiposimama, usirushe. Na fedha ikibaki, usiiongeze kwenye rimoti ya kifahari zaidi. Nunua mapanga ya akiba. Utayahitaji kabla wiki haijaisha.