Sifa za Tuta

Wapo wanaopanga safari kwa ramani ya simu. Wanaandika Malindi, wanaandika Wundanyi, simu inawatajia kilomita na saa, nao wanaamini. Jioni hiyo hiyo wanatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba kesho adhuhuri itawakuta kwenye baridi ya Taita, masweta mwilini. Maskini. Ramani ile inajua kila kitu isipokuwa mwenye njia, na mwenye njia ni tuta.

Nimekuja kulisifu. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tuta likisifiwa huenda likazaa jingine hatua kumi mbele. Lakini haki yake imecheleweshwa mno. Bahari ya Watamu inasifiwa, magofu ya Gede yanasifiwa, daraja la Kilifi linapigwa picha kila machweo, na hakuna aliyelitungia tuta hata ubeti mmoja, ilhali ndilo linalotushika kichwa na kutugeuza shingo tuyaone hayo yote. Bila tuta, msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao hakuna msitu wa pwani uliobaki Afrika Mashariki unaoufikia kwa ukubwa, ungekuwa mstari wa kijani dirishani kati ya Gede na Matsangoni. Kwa hisani ya matuta, unaona mti mmoja mmoja. Wakati mwingine unauona mti uleule kwa muda unaotosha kuuzoea.

Na asidhani mtu kwamba tuta ni mtoto wa mtaani asiye na kwao. Mwaka 1953 Arthur Holly Compton, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927, alikuwa akiongoza Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis. Alichoshwa na madereva waliopita mbio mbele ya jengo kuu la chuo, akakaa akapiga hesabu, yakatoka matuta. Hebu fikiria: mtu aliyechunguza miale ya eksirei inavyogongana na elektroni, akili yake ikamalizikia kwenye rundo la lami. Miaka ishirini baadaye watafiti wa Uingereza wakalifanyia majaribio na kupendekeza tuta lenye mgongo wa mviringo, upana wake mita 3.7, kimo chake sentimita 10, ambalo gari la mwendo wa wastani hulipanda bila abiria kung'ata ulimi.

Kisha likavuka bahari likafika kwetu, likapata uhuru wake. Vipimo bado vipo vitabuni, lakini barabarani kila tuta lina tabia zake. Kuna pana, la kistaarabu, linalokupandisha na kukushusha taratibu. Kuna jembamba lenye makali, ambalo ukilipita unageuka kuangalia kama ekzosi bado iko nawe. Kuna yale madogo madogo yanayofuatana, yanayokung'oa meno yaliyozibwa kabla hujafika kwa kaka yao mkubwa. Na kuna nilipendalo kuliko yote: tuta lisilopakwa rangi wala kuwekewa kibao. Tuta hili halijionyeshi. Jioni, lami na kivuli vinapokuwa rangi moja, limejilaza palepale kwa unyenyekevu, na anayelitambulisha kwako ni abiria wa kiti cha nyuma, kichwa chake kinapogonga paa.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni uadilifu. Katika barabara zetu hakuna mwenye mamlaka asiyeweza kuzungumzika, ila tuta. Halipokei chai. Halimjui mjomba wa mtu. Matatu yenye muziki wa kutetemesha vioo inaliinamia, msafara wa mheshimiwa wenye ving'ora unaliinamia, na gari la maiti nalo, ingawa abiria wake mkuu hana haraka tena. Kibao cha kilomita 50 kwa saa dereva wetu hukisoma kama shairi: anakiri kimetungwa vizuri, kisha anaendelea na safari yake. Tuta halisomwi.

Hapa niweke mzaha kando kidogo, maana matuta mengi ya vijijini yana nasaba ya msiba. Mtoto anavuka kwenda shule, gari linamgonga. Akina mama wanakaa barabarani, vijana wanachoma matairi, magogo yanalazwa lami nzima hadi mkubwa fulani aje kutoa ahadi. Pengine wanakijiji hawasubiri ahadi, wanalijenga wenyewe usiku kwa mawe na udongo. Anayelilaani tuta la mbele ya shule aanze kwanza kuwauliza wenyeji lilijengwa lini, na baada ya nini.

Tuendelee na safari. Tuta pia ni soko, na soko lenye kasi kuliko yote. Mtazame kijana wa korosho. Pakiti zake amezipanga kati ya vidole, kila pengo la kidole pakiti mbili, na anaanza kukimbia kabla gari halijapunguza mwendo, kwa kuwa anasoma uso wa dereva kutoka mbali. Matairi ya mbele yakipanda, bei imetajwa. Gari likikaa katikati, tumbo likikwaruza, mapatano yamefanyika. Ya nyuma yakishuka, chenji imerudi, au haijarudi. Mwenzake ana maembe ya ngowe kwenye ndoo, mwingine mabuyu mekundu yatakayowapaka watoto midomo na viti vyako pia. Ukitoka Malindi bila staftahi, tuta litakulisha. Usipokuwa na njaa litakulisha vilevile.

Ukivuka daraja la Kilifi, lililotuondolea kivuko mwaka 1991, utafika Mavueni, na hapo mpango wako lazima uamue. Ukinyoosha, ni Mtwapa na Mombasa, pamoja na foleni na michepuko ya upanuzi wa barabara. Ukikata kulia, ni Kaloleni hadi Mariakani, katikati ya minazi, wagema wakiwa juu na vibuyu vyao. Mimi nakushauri Kaloleni, kwa mandhari na kwa matuta ya sokoni, yanayokupa nafasi ya kuamkiana na watu usiowajua. Wapo watakaokuambia ufuate njia ya Malindi hadi Sala Gate, ukatishe Tsavo Mashariki kandokando ya mto Galana mpaka Voi. Ni nzuri, sibishi, ila ina kiingilio, na badala ya tuta atakayekusimamisha ni ndovu, ambaye hauzi korosho.

Mariakani unaingia barabara kuu ya Nairobi na kukutana na matrela yanayotoka bandarini, mengine yanakwenda mpaka Uganda. Huko tuta ni hakimu wa haki sawa. Trela lililokupita likiunguruma, likakutikisa na upepo wake, utalikuta tutani likipumua kwa breki, gurudumu baada ya gurudumu, na wewe na kigari chako nyuma yake mna cheo kimoja. Mbele, Mackinnon Road, wasafiri wengi husimama penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, msimamizi wa reli ambaye husimuliwa kwamba karai lake la mchanga lilielea juu ya kichwa bila kukigusa. Wanaosimama hapo huomba wafike salama. Waliobaki huliachia tuta kazi hiyo.

Kondakta wa reli mpya, iliyozinduliwa 2017, atakucheka. Treni yake inatoka Mombasa hadi Voi bila tuta hata moja. Ni kweli, na abiria wake anavuka nyika yote ya Taru amelala, akiamshwa na kipaza sauti. Hana kisa cha kusimulia zaidi ya namba ya kiti.

Voi unakata kushoto kwenda Mwatate, na kutoka hapo kona zinashika zamu: lami inajikunja mlimani, ukungu unashuka, mashamba ya kabichi yamening'inia kwenye makinga maji, na juu kabisa Vuria inafika mita 2,208. Ndipo utakapogundua kwamba shingo yako, iliyozoezwa tangu Gede, haioni kona kuwa kitu. Waliokuja kwa treni wakapanda gari Voi ndio watakaoomba mifuko ya kutapikia.

Kwa hiyo panga hivi. Ondoka baada ya alfajiri. Mrefu wa ukoo akae mbele, na anayelala hovyo asiegemee kioo. Shangazi apewe kiti cha katikati, maana ndiye mwenye macho ya kuona lisilopakwa rangi, na mwenye sauti. Maji ya kunywa yawe ya chupa. Chai iwe kwenye thamosi yenye kifuniko cha kukaza kweli, si cha kubana tu. Na mchuzi wa kuku, hata aseme nini aliyeupika, usipakiwe na sufuria. Wa mara iliyopita uliishia Matsangoni.