Barua ya wazi kwa Mkubwa wa Bariere

Mkubwa,

Tunakuamkia kwa heshima zote, kichwa wazi, maana aliyepita kwako wiki jana na kofia aliulizwa karatasi za kofia.

Sisi ni kikundi cha maigizo cha hapa Niania. Tunatayarisha mchezo wa mfalme na mwizi wa mbuzi, na ratiba ya mazoezi tumeipanga mara saba. Tatizo ni hii njia panda yetu. Mfalme anakaa upande wa Bafwasende, malkia upande wa Epulu, mwizi njia ya Isiro, na ukumbi wa parokia uko katikati. Kila upande umetuwekea mti. Kwenda franga 500, kurudi 500. Asiye na kadi ya uchaguzi anaongeza. Jeto ya kuonyesha tumelipa hatupewi. Zoezi la saa tisa linaanza saa kumi na moja, na saa kumi na mbili vijana wako wanafunga kamba. Saa moja hiyo tunaimaliza tukihesabu nani hajafika.

Hatulaumu. Hata wakubwa wa nchi ratiba huwashinda. Utawala wa kijeshi ulipoanza Ituri tarehe 6 Mei 2021, tuliambiwa ni siku 30. Zikaongezwa 15, kisha 15, kisha 15 tena, mpaka tukaacha kuhesabu. Nasi tumejifunza: onyesho letu ni baada ya siku 30, na kila zikikaribia kwisha tunatia 15.

Kuhusu taji. Ni boksi la sabuni lililobandikwa karatasi za dhahabu za ndani ya pakiti za sigara. Kijana wako aliligeuza, akalikwaruza kwa ukucha, akauliza kibali cha kusafirisha madini. Mfalme akalipa. Tangu siku ile anatawala akiwa na mkwaruzo mweupe juu ya paji la uso.

Sasa ombi letu: mazoezi yahamie kwenye bariere yenyewe. Hebu fikiria, Mkubwa. Jukwaa lipo, udongo mwekundu ulioshindiliwa na malori ya Kisangani. Pazia lipo pia, ule mti wenye jiwe lililofungwa mwishoni, unaopanda polepole noti ikishaingia mfukoni. Ukumbi gani una pazia linalojua kazi yake namna hiyo? Watazamaji wamekaa juu ya magunia tangu asubuhi, na hawana pa kwenda. Usiku ukiingia tutaomba dereva mmoja awashe taa. Kijana wako wa miwani nyeusi tumemwekea nafasi ya mtoza kodi wa mfalme, wala hana haja ya kukariri. Jumanne tulimsikia akimwambia mama mmoja, "Toa kitu." Maneno mawili! Na kile kimya alichokiweka baada yake, mwigizaji wetu mwenye uzoefu wa miaka kumi bado anakitafuta. Ratiba utaibandika wewe kwenye kibanda, pale ilipopaswa kuwa orodha ya bei. Watafiti wa taasisi ya IPIS walipohesabu bariere mwaka 2017, katika Kivu mbili tu walipata 798. Nchi yenye kumbi nyingi hivyo inalalamikaje kwamba haina sanaa?

Mengine ni madogo. Anayekufa tendo la kwanza alipe kwenda tu. Mapacha wanaoigizwa na mtu mmoja wahesabiwe mmoja. Mzimu apite bure.

Hakimu wa mchezo wetu alikuwa mama muuza mandazi. Andazi moja ni franga 100. Kila zoezi, kwenda na kurudi, lilikula mandazi kumi, na siyo faida, mandazi yenyewe. Aliendelea wiki tatu. Wiki ya nne akaturudishia joho limekunjwa vizuri, akasema watoto walilala bila kula ili yeye aje kuhukumu mwizi wa kuigiza, huku wale wa kweli amewapita njiani mara mbili na kuwaita "chef". Hatukuwa na la kumjibu. Mkubwa, wewe unalo? Wale vijana wako ni watoto wa hapa, mandazi yake wamekula tangu wakiwa shule ya msingi. Wanamjua kwa jina, na wananyoosha mkono.

Tuwie radhi. Tulitaka kusema tu kwamba nafasi ya hakimu iko wazi, kama unapenda maigizo.

Ni sisi watiifu wako, tulio pande tatu za njia panda.

Nyongeza: Mbuzi wa mchezo, yule mweupe mwenye sikio lililokatika, yuko kwenu tangu Alhamisi kwa ajili ya kodi ya mifugo. Malkia alimsikia jana akilia nyuma ya kibanda. Jumamosi baada ya kazi ya salongo tunafanya tendo la mwisho, ambamo mbuzi anarudishwa kwa mwenyewe.