Mhadhara wa Bingwa Kuhusu Triga Mbili

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wa kamati, nanyi akina mama mliofuata chai: itifaki yote imezingatiwa, isipokuwa ya kunitambulisha, ambayo naikamilisha mwenyewe. Mimi ni bingwa. Tuendelee.

Mada ni bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na triga mbili. Kwa kawaida ya mbele hufyatua mtutu wa kulia, ya nyuma wa kushoto. Wa kulia mdomo wake uko wazi zaidi, marisau hutawanyika mapema. Wa kushoto umebanwa, marisau hufika mbali yakiwa yameshikamana. Kanga akiruka kutoka miguuni pako akakimbia, anza na ya mbele, umalizie na ya nyuma, maana anazidi kutokomea. Akija anakuelekea, geuza mpango. Yote hayo huamuliwa na kidole kimoja cha shahada, bila kikao, bila posho.

Wapo watu, sitawataja, wamekaa safu ya tatu, wanaosema triga moja ndiyo maendeleo. Maendeleo! Bunduki ikilia husukuma bega. Kidole huachia triga na kuivuta tena mwenyewe asijue, mtutu wa pili ukalia papo hapo. John Robertson wa Boss & Co. ya London alipata hataza ya dawa yake mwaka 1894: mvuto ule wa bahati mbaya ukahesabiwa kuwa wa pili, usifyatue kitu, na mtutu wa pili ukangoja mvuto wa tatu. Ni akili kubwa. Lakini kwa nini nimlipe fundi ahesabu hadi tatu, wakati mimi hesabu yangu inaishia mbili na sijapungukiwa?

Sasa sefti. Wanaosinzia waamshwe.

Mwaka 1875 Anson na Deeley, wa Westley Richards pale Birmingham, walipata hataza ya mtambo wenye nyundo zilizofichwa ndani, zinazojikoki mitutu inapokunjuliwa. Huzioni, kwa hiyo unajiona salama. Na sefti yenyewe, kile kitelezi cha dole gumba kwenye shingo ya bunduki, mara nyingi hufunga triga tu. Nyundo ziko tayari vilevile. Kitako kikigonga jiwe, nyundo yaweza kuchomoka na sefti ikabaki mahali pake, haina habari. Bunduki za matajiri huongezewa kizuizi cha kuidaka nyundo njiani. Hiyo yako ya urithi, kabla hujavuka mtaro, ikunjue na utoe risasi. Ndiyo, hata wewe mwenye shahada.

Kuna pia sefti inayojirudisha yenyewe kila ukunjuapo bunduki. Naona mzee wa nyuma anatikisa kichwa. Najua: kwale wameruka, umejaza upya, umelenga, umevuta, kimya. Umesahau kuisukuma. Wapiga sahani za udongo wengi hawaitaki kabisa. Mimi nasema ibaki. Kwale aliyeponea hapo hatalalamika, wala shemeji yako aliyekuwa amesimama nyuma ya kichaka.

Mzee anauliza nimewahi kupiga kwale wangapi. Hilo ni swali la takwimu. Leo tuko kwenye nadharia. Anauliza tena kama nina kibali. Kibali ni karatasi, mzee wangu. Ofisi inayohusika na mimi bado tunaandikiana, na barua zangu ni ndefu kuliko zao.

Tuje kwenye vitendo. Mwenyekiti ananong'ona kwamba bunduki iliyoko mezani ni ya kaka yake na nisiiguse. Haidhuru, nipeni mwamvuli. Tazameni dole gumba linavyosukuma, kidole kinavyoshuka kutoka triga ya mbele kwenda ya... Mzee, rudi ukakae. Hapana, usinionyeshe. Nimesema usinionyeshe! Haya, nionyeshe, lakini kwa sauti ya chini.