Shavu la Pili

Nilikwenda kisiwa cha Goziba kununua dagaa. Usiku wa kwanza nikalala gesti, na kunguni wakanila kwa zamu. Asubuhi shavu langu la kulia lilikuwa na vipele saba vimejipanga mstari kama wanafunzi mbele ya bendera.

Bibi mmoja muuza uji aliponiona alicheka kwanza. "Mjukuu wangu, usipeleke hela dukani. Hii dawa ya asili, haina kemikali." Akakata ndimu, akaikamulia kiganjani, ganda na yote, akanibandika kiganja shavuni na kukigandamiza kama karani anayepiga muhuri. Pakawasha kidogo. "Unaona? Inafanya kazi." Nikaamini. Nchi hii tulimiminika Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Babu kwa shilingi 500. Mimi nani nikatae ndimu ya bure?

Nikaenda zangu kwenye dagaa. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mchana huanikwa, na mnunuzi asiyesimamia mwenyewe huuziwa mchanga kwa bei ya kitoweo. Nilisimama juani tangu saa tatu hadi saa tisa, kichwa wazi.

Kesho yake shavu likaungua kama limemwagiwa chai. Keshokutwa likatoa malengelenge. Nilipojitazama kwenye kioo cha kinyozi niliona vidole vitano, kiganja, hata nafasi kati ya kidole na kidole. Wavuvi wakawa wananyamaza nikipita. Mmoja alinipa pole, kisha akaninong'oneza: mwenye mke ni nani?

Zahanati niliulizwa swali moja tu: "Ulipaka ndimu?" Kumbe ndimu ina kitu ambacho kivulini ni kipole, kikipigwa na jua kinababua ngozi. Hata Marekani, wahudumu wa baa wanaokamulia wateja ndimu juani huungua hivyo hivyo.

"Kwa hiyo nina aleji," nikasema, nikijisikia mtu wa maana. Tabibu akatikisa kichwa. Aleji huchagua mtu: mwili huujua mmea kwanza, ndipo siku nyingine ukiugusa unaukasirikia, wenzako wakiupaka salama. Ndimu na jua havichagui. Kitunguu saumu kibichi nacho huchoma ngozi, na ule utomvu wa njano wa mshubiri huwasha. "Na upupu," akaongeza huku akiandika, "nao ni wa asili."

Malengelenge yakakauka, ikabaki alama nyeusi ya kiganja. Itafutika, aliniambia, baada ya wiki kadhaa, pengine miezi. Boti ya kurudi Bukoba haikuweza kusubiri miezi.

Mke wangu alinipokea mzigo, akanitazama, akanyamaza. Kisha akaweka kiganja chake juu ya ile alama, akapima kidole kwa kidole.

"Ana mkono mkubwa," akasema.

"Ni wa bibi muuza uji," nikajibu, na papo hapo nikajua nimeharibu zaidi.

Nikamsimulia yote: kunguni, ndimu, jua, zahanati. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo nyumbani kwetu ni la kuogopesha. Akaingia jikoni. Akatoka na ndimu na kisu, akavuta kigoda hadi katikati ya uwanja, kwenye jua la saa sita.

"Kaa hapa, baba watoto. Lete shavu la pili."