E1, F4 na Mengineyo

Ngamia akiugua hukataa malisho, na hata asiye mfugaji huelewa. Friji yetu hapa Galbet, Garissa, ikiugua husema E1, basi.

Kijitabu chake kina lugha chungu nzima, Kiswahili hakimo. Ukibahatika kuufikia ukurasa wenyewe, unaambiwa uwasiliane na kituo cha huduma. Kituo kiko Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Niipandishe basi?

Na usijidanganye kwamba ukiijua E1 yako umehitimu. Kila kampuni ina herufi zake. Kwako E1 ni kihisi joto cha friza, kwa jirani ni cha chumba cha juu, na kwa shemeji hakuna herufi kabisa: taa inapepesa, halafu inapumzika, nawe uhesabu. Mtu mzima na ndevu zake, anahesabu taa jikoni saa nane usiku.

Fundi naye ana jibu moja. "Mzee, gesi imeisha." Nikamwonyesha E1. "Hiyo ndiyo gesi." Na F4 ya jirani? "Hiyo pia ni gesi." Gesi ya friji si ya kupikia, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Lakini nani atabishana na mtu aliyeshika bisibisi?

Shemeji yule wa taa akanunua friji nyingine, ya kupachikwa ndani ya kabati la jikoni, kama alivyoona Dubai. Friji kazi yake ni kutoa joto ndani na kulimwaga nje. Seremala akaona matundu ya hewa, akasema yataingiza vumbi na panya, akayaziba kwa mbao safi na kupaka vanishi juu. Siku chache baadaye kioo kikaandika HI. Watoto wakafurahi, wakadhani inawasalimu. Kumbe ni kilio: joto limepanda na nyama inaharibika.

Ayeeyo, nyanya yetu, anatucheka. Nyirinyiri yake, nyama iliyokaangwa ikakauka na kuzamishwa katika samli, inakaa miezi bila waya wala taa. Maziwa ya ngamia yakichacha, kwake ni suusa, anakunywa. Kwangu ni hasara.

Herufi yenye maana haiko hata kwenye kioo. Iko kwenye stika ndani ya friji, na haisomwi na mtu. N ni friji iliyoundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST inavumilia hadi 38, T hadi 43. Machi Garissa hupita 35 kivulini bila kutokwa jasho. Jua hilohilo linalolisha mtambo wa umeme uliozinduliwa hapa kauntini mwaka 2019 ndilo linaloua friji za N, na bado tunauziwa hizohizo.

Kwa hiyo ukienda dukani, achana na rangi na idadi ya droo. Fungua mlango, tafuta stika. Ukikuta N, mwambie mwenye duka aipeleke Limuru kwenye baridi.